Babu alichukuliwa Kariakor 1917: kulikuwa na sheria?

Mjukuu wa Bunyore:
Wadau wa historia, naomba msaada. Baba yake babu yangu alichukuliwa Kariakor, yaani kikosi cha wabebaji mizigo wa jeshi la Waingereza (Carrier Corps) katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1917 na hakurudi. Hatuna kaburi, hatuna karatasi, na mshahara wake haukuletwa. Nyanya alisimulia kwamba askari wa chifu walikuja usiku, wakawafunga kamba vijana waliolala kwenye simba (nyumba ya vijana wa kiume), wakawapeleka Kisumu kupanda gari la moshi. Juzi mwanangu ameniambia amefundishwa kwamba wale watu walijitolea. Imeniuma sana. Sheria ilisemaje? Na masetla, wale walowezi wazungu wa huku Nakuru, nao walilazimishwa, ama ni sisi tu?

Mwalimu Mstaafu, Nakuru:
Ndugu, nyanya alisema kweli. Mwaka 1915 serikali ilipitisha sheria ya kuandikisha wenyeji kwa nguvu ili wafuate jeshi, kwa rupia 5 kwa mwezi, kisha 6. Kila chifu alipewa idadi ya watu wa kutoa. Mwaka 1917 ndio ulikuwa mbaya zaidi: John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza pale Kisumu, alipewa kazi ya kukusanya wabebaji, wakachukuliwa zaidi ya laki moja kwa miezi michache. Mbung'o waliua ng'ombe na punda kusini kule, kwa hivyo mizigo ikawekwa vichwani mwa watu hadi Rufiji na Msumbiji.

Masetla pia walilazimishwa, mwaka huo huo wa 1915, hata kabla Uingereza haijaanza kwake 1916. Miaka ya 1920 wakaundiwa kikosi cha ulinzi, Kenya Defence Force, ya lazima kwa wazungu tu, na 1937 kikaja kikosi kingine chao, Kenya Regiment. Lakini usikubali mtu akwambie ni sawa. Mzungu alilazimishwa kushika bunduki alinde shamba lake mwenyewe. Babu yako alilazimishwa kubeba risasi za vita ambavyo hakuulizwa.

Nyar Nyando:
Kwetu waliondoka ndugu wawili, akarudi mmoja. Hakuzungumzia risasi, alizungumzia unga. Mahindi yaliyosagwa vibaya, kuni mbichi, hakuna muda, mnakula kabla hakijaiva, asubuhi watu wanaharisha damu kando ya njia. Mpaka anazeeka hakugusa ugali ambao hakuuona ukichemka mbele yake. Hesabu rasmi inasema upande wa Waingereza walikufa wabebaji zaidi ya 40,000. Wanahistoria wanakaribia 100,000. Wengi ni ugonjwa.

Mjukuu wa Bunyore:
Pole, dada. Sasa jina la babu nitalitafuta wapi?

Mwalimu Mstaafu, Nakuru:
Anzia hifadhi ya nyaraka Kakamega, kisha Nairobi. Pia iandikie Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 2021 yenyewe ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakuandikwa popote, ikaomba radhi. Nenda na jina lake, la baba yake, ukoo na chifu wa wakati ule. Makarani waliandika walivyosikia, basi jaribu kila tahajia.

Mjukuu wa Bunyore:
Asante, mwalimu. Chifu nitamuuliza shangazi, yeye anawajua wote. Dada, nitumie jina la yule ambaye hakurudi. Nikifika huko nitawatafuta wote wawili.