Mbunge apande ulingoni? Hoja yangu kuhusu Manny Pacquiao

Wakuu, kila tukizungumzia wanamichezo na wasanii wanaoingia bungeni, tunaishia kugombana juu ya vyeti. Huyu kasoma wapi, yule kafika darasa la ngapi. Kwangu hilo si swali. Katiba yetu ya Tanzania inataka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi, na mimi naona inatosha. Swali ninalotaka tulijadili ni jingine: mtu akishachaguliwa, aendelee kupigana ngumi za kulipwa huku anashikilia kiti cha wananchi?

Msimamo wangu nausema mapema: asiendelee. Na mfano wangu ni Manny Pacquiao wa Ufilipino, bondia ninayemheshimu kuliko wote wa kizazi chake.

Nianze na haki yake, maana wapo watakaodhani namchukia. Pacquiao alizaliwa mwaka 1978 katika kisiwa cha Mindanao, akakulia General Santos katika umaskini wa kweli. Alikuwa mtoto wa kuuza maandazi barabarani. Akiwa kijana mdogo akaenda Manila kutafuta maisha kwa ngumi, na Januari 1995, akiwa na miaka 16, akapanda ulingoni kwa mara ya kwanza kama bondia wa kulipwa. Amesimulia mwenyewe kwamba alikuwa mwepesi mno hata ikabidi atie vitu vizito mfukoni ili mizani imkubali. Desemba 1998 alikwenda Thailand akamtwanga Chatchai Sasakul na kuchukua mkanda wa WBC (moja ya taasisi zinazotoa mataji ya dunia ya ngumi) wa uzito wa pauni 112. Juni 2001 akaitwa Las Vegas kwa taarifa ya muda mfupi sana kupambana na Lehlohonolo Ledwaba wa Afrika Kusini, bingwa ambaye wengi hawakudhani angeshindwa na kijana asiyejulikana Marekani. Pambano likasimamishwa raundi ya sita, na mkanda ukaondoka na Mfilipino. Kuanzia hapo ni kupambana na mabondia wakubwa: Barrera, Morales, Márquez, De La Hoya, Hatton, Cotto. Alipomshinda Antonio Margarito kule Texas Novemba 2010, alikuwa amechukua mataji ya dunia katika uzito wa aina nane. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo.

Lakini tazameni tarehe hiyo. Novemba 2010. Siku ile aliyekuwa ulingoni alikuwa mbunge.

Pacquiao aligombea mara ya kwanza mwaka 2007 huko South Cotabato na akashindwa na mwanamama Darlene Antonino-Custodio, aliyekuwa akitetea kiti chake. Wapo waliompigia kura mama yule kwa kumpenda Pacquiao: walitaka abaki na ngumi zake. Mwaka 2010 akahamia mkoa wa Sarangani, akawashinda ukoo wa Chiongbian, ukoo wa matajiri waliokuwa na nguvu kubwa katika siasa za huko. Ushindi ule nilifurahi nao, na hadi leo nadhani ulistahili kufurahiwa. Mtoto wa maandazi anaubwaga ukoo wenye mkoa! Mwaka 2013 akapita bila kupingwa. Mwaka 2016 akaingia Seneti kwa kura zaidi ya milioni 16, nafasi ya saba kati ya kumi na mbili.

Sasa hesabuni mapambano yake kuanzia alipoapishwa uwakilishi mwaka 2010 mpaka Agosti 2021 alipopigwa kwa pointi na Yordenis Ugás: ni 16. Kumi akiwa mwakilishi wa Sarangani, sita akiwa seneta. Pambano moja la kiwango kile halianzi usiku wa kengele. Linataka kambi ya wiki nane hivi, mara nyingi sehemu yake ikiwa Hollywood, Marekani, kwenye jimu ya kocha Freddie Roach, na kabla ya hapo kuna ziara za kutangaza pambano, na baada yake mwili unadai mapumziko. Mwaka 2014 alipigana na Timothy Bradley mwezi wa nne na Chris Algieri mwezi wa kumi na moja, na katikati yake akajiunga na ligi ya mpira wa kikapu ya nchi yake akiwa kocha na mchezaji wa timu ya Kia. Mwaka huohuo kumbukumbu za bunge zilionyesha amehudhuria vikao siku nne tu. Nne, wakuu, kwa mwaka mzima.

Hapo ndipo hoja ya kwanza ya wanaomtetea huletwa: wananchi walijua ni bondia, walimchagua akiwa bondia, wewe ni nani wa kuwapangia? Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Mpiga kura ana haki ya kumtuma amtakaye. Ila kumtuma mtu ni jambo moja, na kuridhia asiende ulikomtuma ni jambo jingine. Na hata kwetu sheria haikumwachia mpiga kura peke yake kazi ya kupima hilo. Ibara ya 71 ya Katiba ya Tanzania inamvua ubunge anayekosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika. Wakenya katika kifungu cha 103 wameweka vikao vinane katika mwaka wa bunge bila ruhusa wala sababu inayokubalika. Maana yake tulishakubaliana zamani kwamba kura haimpi mtu leseni ya kutokuwapo.

Hoja ya pili ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu iko mpaka mtaani kwetu. Inasema: fedha za ulingoni ndizo zilizowasaidia watu wake. Kwa pambano la Mei 2015 dhidi ya Floyd Mayweather iliripotiwa kwamba alipata zaidi ya dola milioni 100. Amejengea maskini nyumba, watu wamepanga foleni nyumbani kwake General Santos wakitoka na chakula, dawa, nauli. Je, mbunge gani wa kawaida angefanya hivyo?

Ndugu zangu, huku ndiko tunakopotea. Mbunge anayetoa fedha zake mfukoni amefanya jambo la utu, lakini hajafanya kazi ya ubunge. Kazi ya ubunge ni kuhakikisha mgonjwa wa Sarangani anapata dawa hata siku ambayo tajiri hayupo, kwa bajeti iliyosomwa, iliyojadiliwa na kupitishwa na watu waliokaa kwenye viti vyao. Sisi tunaijua sana hali hii. Mbunge anapimwa kwa michango ya misiba, jezi za timu, mabati ya msikiti na kanisa, na asiyetoa anaitwa mchoyo hata kama ndiye pekee anayesoma miswada. Bondia tajiri akiingia katika utaratibu huo haubadilishi. Anaukuza, maana mfuko wake hauna mpinzani.

Na angalieni kilichofuata Sarangani. Yule aliyeuvunja ukoo mmoja akajenga wa kwake. Mwaka 2013 mkewe Jinkee akachaguliwa naibu gavana wa mkoa. Mwaka 2016 Pacquiao alipokwenda Seneti, kiti chake cha uwakilishi kikachukuliwa na nduguye Rogelio. Mwaka 2019 ndugu mwingine, Alberto, naye akaingia katika Baraza la Wawakilishi kwa orodha ya chama, yaani viti vinavyogawanywa kwa kura za vyama. Sisemi waliiba kura. Nasema jina lililotengenezwa kwa ngumi liligeuka mali ya familia, na lilibaki linang'aa kwa sababu mwenye jina alikuwa bado anapigana kila mwaka mbele ya nchi nzima. Mpinzani wa kawaida, mwalimu au mwanasheria wa Alabel, mji mkuu wa Sarangani, angeshindana vipi na hilo? Kila pambano lilikuwa kampeni, na lilirushwa kwenye kila televisheni.

Halafu kuna jambo la mwili. Desemba 2012, Juan Manuel Márquez alimpiga mkono wa kulia sekunde za mwisho za raundi ya sita. Pacquiao akaanguka kifudifudi, akalala bila kusogea kwa muda uliowatisha hata waliokuwa wakimshangilia Márquez. Aliyekuwa amezirai pale alikuwa mbunge aliye kazini. Ngumi za kichwa zinadhuru ubongo, na madhara yake mengine hujitokeza baada ya miaka. Bondia ana haki ya kuuhatarisha mwili wake, sitaki kumnyima. Ila akiwa anapiga kura za sheria kwa niaba ya watu wengine, hatari ile imekoma kuwa yake peke yake.

Na kura hizo hazikuwa za mzaha. Septemba 2016 alikuwa yeye aliyetoa hoja ya kumwondoa Seneta Leila de Lima kwenye uenyekiti wa kamati ya haki, kamati iliyokuwa ikichunguza mauaji ya vita vya dawa za kulevya vya Rais Duterte. Hoja ikapita. Miezi michache baadaye de Lima akakamatwa, akakaa kizuizini karibu miaka saba. Kati ya hoja ile na kukamatwa kwake, Pacquiao alikwenda Las Vegas kupigana na Jessie Vargas. Mimi hili ndilo linaloniumiza kuliko utoro. Mtu anashika jambo linalohusu uhai wa maelfu, kisha anafunga glovu.

Wengine mtanitajia Vitali Klitschko, bondia wa uzito wa juu wa Ukraine, na mko sahihi kumtaja, maana yeye ananisaidia. Klitschko alishindwa umeya wa Kyiv, mji mkuu wa nchi yake, mara mbili, 2006 na 2008. Akaunda chama chake mwaka 2010. Pambano lake la mwisho lilikuwa Septemba 2012 dhidi ya Manuel Charr; mwezi uliofuata akachaguliwa mbunge, na hakupigana tena. Desemba 2013, watu wakiwa wamejaa uwanjani Kyiv kumpinga Rais Yanukovych, akauachia mkanda wa WBC. Mwaka 2014 akawa meya na bado ni meya. Simfanyi malaika: kazi yake inalalamikiwa sana. Juni 2023 watu watatu walikufa kwa shambulio la Urusi nje ya zahanati ambayo hifadhi yake ya chini ilikuwa imefungwa, mmoja wao mtoto, na lawama zilimfikia. Lakini zilimkuta mjini, kwenye kiti, akijibu. Hakuna aliyemtafuta kwenye kambi ya mazoezi.

Mfano unaonipa shida kweli ni wa nyumbani: Wesley Korir wa Kenya, mshindi wa Boston Marathon 2012. Alichaguliwa mbunge wa Cherangany Machi 2013 kama mgombea huru, na mwezi uliofuata akakimbia tena Boston, akashika nafasi ya tano. Sidhani alikosea. Mbio mtu anaweza kuzifanyia mazoezi alfajiri nyumbani, saa tatu yuko ofisini, na hapigwi kichwani. Kwa hiyo sitetei sheria ya kumkataza mbunge michezo yote. Natetea marufuku ya mchezo wa kulipwa unaomtaka mtu ahame kwa wiki nyingi, na hasa ule ambao ushindi ni kumpoteza fahamu mwenzio.

Wafilipino wenyewe walitoa aina ya jibu. Mwaka 2016 waliruhusiwa kuchagua majina kumi na mawili ya Seneti, na mamilioni wakamweka miongoni mwa kumi na mbili hao. Mwaka 2022 walipotakiwa kuchagua jina moja tu la urais, alipata kura kama milioni 3.7 na kushika nafasi ya tatu, mbali sana nyuma ya Marcos aliyepata zaidi ya milioni 31. Mwaka 2025 aliutaka tena useneta, akaukosa. Miezi miwili baadaye, akiwa na miaka 46, akapanda ulingoni Las Vegas na kutoka sare na Mario Barrios, bingwa aliyemzidi ujana kwa miaka mingi. Pambano lile nililitazama kwa furaha tupu. Hakuwa mbunge wa mtu yeyote.

Sasa kwetu. Ngumi za kulipwa zinajaza kumbi Dar es Salaam, Morogoro na Tanga, na vyama vinatafuta majina yanayojulikana. Siku bondia akishinda jimbo tutajikuta hatuna kanuni, tutabishana juu ya mtu badala ya jambo. Pendekezo langu ni aya moja katika sheria: mbunge mwenye mkataba wa ngumi za kulipwa aumalize au auvunje ndani ya siku 90 za kuapishwa, na akisaini mwingine akiwa madarakani, kiti kiwe wazi. Nani anapinga, na kwa sababu gani? Na je, madiwani nao waingie, au tuishie kwa wabunge?