Mjadala: Je, ni udhibiti ulioipa Double Indemnity makali yake?

Mtoa mada

Wakuu, kuna kauli imenichosha, na leo naileta hapa tuijadili. Kila zinapotajwa filamu za noir, zile za uhalifu za Hollywood za miaka ya 1940, za nyeusi na nyeupe, zilizojaa vivuli na watu wanaokwenda kuangamia kwa miguu yao wenyewe, hakosi mtu wa kusema kwamba uzuri wake ulitokana na udhibiti. Eti watengenezaji walikatazwa kuonyesha kitanda na damu, wakalazimika kutumia akili, na ndiyo maana filamu za leo zilizoruhusiwa kila kitu hazina ladha. Kauli hiyo haibaki kwenye sinema za zamani. Bodi za filamu za huku kwetu nazo hutetewa kwa hoja hiyo hiyo: msilalamike, vikwazo huzaa ubunifu.

Mimi napinga, na nitapinga kwa filamu ambayo wenye kauli hiyo huitaja mara nyingi: Double Indemnity ya mwongozaji Billy Wilder, iliyotoka mwaka 1944.

Kwa ambao hawajaiona, Walter Neff ni wakala wa bima jijini Los Angeles. Anafika kwa mteja kukumbusha bima ya gari inayokaribia kuisha, mteja hayupo, anamkuta mke wake, Phyllis Dietrichson. Haipiti muda mrefu wawili hao wamemkatia mume bima ya ajali ya dola 50,000 bila mwenyewe kujua. Mpango ni kumuua na ionekane ameanguka kutoka kwenye treni, kwa sababu mkataba una kipengele kinacholipa mara mbili kwa ajali ya namna hiyo. Anayewanusa ni Barton Keyes, mkaguzi wa madai wa kampuni ile ile na rafiki wa karibu wa Neff. Neff ni Fred MacMurray, Phyllis ni Barbara Stanwyck, Keyes ni Edward G. Robinson. Nitautaja mwisho pia, kwa hiyo asiyetaka kuujua akaitazame kwanza.

Tuanze na historia. Hadithi ni ya James M. Cain, naye aliipata kwenye kesi ya kweli: Ruth Snyder wa New York na hawara yake, Judd Gray, walimuua mume wa Ruth mwaka 1927 baada ya kumkatia bima. Wote wawili waliuawa kwa kiti cha umeme Januari 1928. Hadithi ya Cain ilipofika kwenye studio mwaka 1935, Joseph Breen, mkuu wa ofisi iliyosimamia kanuni za maadili za Hollywood, aliikataa. Wahusika wakuu ni wauaji, wanaikwepa sheria kwa kujiua wenyewe, kuna uzinzi, na uhalifu umeelezwa hatua kwa hatua. Studio zikarudi nyuma. Paramount walikuja kupata ruhusa mwaka 1943. Kazi ya kwanza ya udhibiti kwa filamu hii, basi, ilikuwa kuikalia miaka minane.

Sasa tuulize kinachomshika mtazamaji. Dakika za mwanzo kabisa Neff anaingia ofisini usiku akiwa na jeraha la risasi, anakaa mbele ya mashine ya kurekodi sauti na kukiri kila kitu: aliua kwa ajili ya pesa na mwanamke, pesa hakupata na mwanamke hakupata. Sisi tumelelewa na filamu ambazo steringi hafi. Huyu steringi amekwisha kabla hatujamjua. Swali la nani kaua halipo tena, na ndipo unapoanza kumwangalia mtu mwenye kazi nzuri na akili timamu akichagua ubaya, hatua moja, kisha nyingine.

Halafu inakuja ile sehemu ya gari. Wameshaiweka maiti relini, wamerudi garini, Phyllis anajaribu kuwasha, gari linakataa. Anajaribu tena, linakataa. Wanatazamana. Na wewe mtazamaji, mtu usiyevumilia hata wizi wa kuku, unajikuta unaomba gari la wauaji liwake. Wilder alisimulia kwamba aliipata sehemu hiyo baada ya gari lake mwenyewe kugoma kuwaka.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Msingi wa kanuni zile ulikuwa kwamba huruma ya mtazamaji isielekezwe kamwe upande wa uhalifu. Kivutio kikubwa cha Double Indemnity ni kuvunja msingi huo mbele ya macho yao. Ofisi ya Breen ilihangaika na urefu wa taulo alilojifunga Stanwyck pale juu ya ngazi na namna maiti inavyobebwa. Taulo walilipima. Ile dua ya gari liwake ikawapita.

Bahari ya Mrima

Mtoa mada, umeandika vizuri, ila umeruka mambo mawili mazito.

La kwanza ni mauaji yenyewe. Phyllis anaendesha, mume yuko kando yake, Neff amejificha kiti cha nyuma. Ishara ni honi mara tatu. Honi inalia, tunasikia purukushani, lakini kamera haitoki usoni kwa Stanwyck. Anatazama mbele, na kwenye uso wake kuna kitu kama kuridhika. Mimi sijaona kwenye sinema kifo kinachotisha kuliko kile, na sikukiona kifo chenyewe. Wangeruhusiwa kuonyesha mikono shingoni, unadhani wangeuchagua uso?

La pili ni mwisho. Kwenye kitabu cha Cain, Walter na Phyllis wanaachwa waondoke kwa meli, na huko melini wanakubaliana kujitosa baharini. Breen ndiye aliyesema muuaji haruhusiwi kuikimbia sheria kwa kujiua. Wilder na mwandishi mwenzake, Raymond Chandler, wakalazimika kutafuta mwisho mwingine. Wakaleta huu tunaoupenda sote: Neff ameanguka mlangoni mwa ofisi akivuja damu, Keyes anainama na kumwashia sigara. Filamu nzima ni Neff anayemwashia Keyes kiberiti kwa sababu Keyes hana chake. Mara hii imegeuka. Bila katazo la Breen tungekuwa na watu wawili wanaoruka melini. Niambie nani alishinda hapo.

Mtoa mada

Mkuu, hoja ya mwisho wa kitabu ni nzito na nakupa haki yako. Katazo lilifunga mlango mmoja, hilo ni kweli.

Lakini kanuni zilidai nini hasa? Zilidai mhalifu aadhibiwe. Filamu za miaka ile karibu zote zinamwadhibu mhalifu, na nyingi hakuna anayezikumbuka. Adhabu aliagiza Breen, kiberiti hakuagiza. Na tena, kwa dai la adhabu Wilder alikuwa na jibu kamili mkononi: alijenga chumba cha gesi cha gereza na kupiga picha za Neff akiuawa humo huku Keyes akitazama. Sehemu hiyo iligharimu kama dola 150,000, pesa nyingi kwa filamu ambayo bajeti yake haikufika milioni moja. Akaiondoa. Najua ofisi ya Breen nayo ililalamika kwamba inatisha mno. Ila Wilder alieleza sababu yake mwenyewe: hadithi ilikuwa imeshakwisha pale mlangoni kati ya marafiki wawili. Hilo ni sikio la msimuliaji. Mtu mwenye sikio hilo angesikia hivyo hivyo hata kama Breen hakuwahi kuajiriwa.

Kuhusu uso wa Stanwyck, angalia pia mambo ambayo hayakuhitaji kukatazwa. Mpiga picha John F. Seitz alipitisha mwanga kwenye vipande vya mapazia ya dirisha hadi Neff akatembea sebuleni na mistari mwilini kama mfungwa, na hewa ya nyumba ile ikaonekana ina vumbi. Kikuku cha Phyllis kinapewa picha yake peke yake akishuka ngazi. Hakuna aliyewalazimisha. Wilder alikimbia Berlin mwaka 1933 Hitler aliposhika madaraka, na aliwapoteza mama na bibi yake katika mauaji ya Wayahudi. Chandler alikuwa ameitazama Los Angeles kwa miaka mingi bila kuipendelea. Giza la filamu hii lina wenyewe, na Breen si mmoja wao.

Dada wa Nakuru

Ndugu zangu, mnabishana kuhusu nani aliiboresha filamu. Mimi nauliza nani aliumia kwa kanuni hizo.

Phyllis anapigwa risasi akiwa amekumbatiwa. Neff aliyempiga anapewa filamu nzima ajieleze kwa sauti yake, tena kwa maneno matamu, na mwisho anapata rafiki wa kumwashia sigara. Mwanamke hapewi hata dakika ya kusimulia upande wake. Kanuni ya "mbaya aadhibiwe" ilikuta tayari kuna mazoea ya kumtwika mwanamke ubaya wote, ikayapa muhuri. Stanwyck ni mwigizaji mkubwa mno, kwa hiyo anamwachia Phyllis maisha machoni ambayo hati haikumpa. Ni kwa ajili yake naipenda filamu hii, wala simwoni kama onyo kwa wanaume.

Na angalieni watu weusi ndani yake. Neff anahakikisha mlinzi wa gereji anayeosha gari lake amemwona nyumbani, ili baadaye apate ushahidi wa uongo. Kwenye treni wapo wabeba mizigo. Wanatumika kumficha muuaji na basi. Wanaosifu hekima ya kanuni zile wasome pia kifungu kilichokataza kabisa kuonyesha mapenzi kati ya weupe na weusi. Kilikuwa ndani ya waraka ule ule, karibu na vile vya kitanda. Ukisema ulizaa ubunifu, useme pia ulikuwa unamlinda nani.

Kwetu Kenya tuna mfano wa karibu. Mwaka 2018 bodi yetu iliifungia Rafiki, filamu ya mapenzi ya wasichana wawili. Mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, alieleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Alikataa. Ilibidi Mahakama Kuu iruhusu ionyeshwe siku saba tu. Mnaona ni dai lile lile la Breen? Mhusika asifike mwisho akiwa na furaha. Sasa mtu aniambie Rafiki ingekuwa bora vipi kama msichana yule angelazimishwa kujuta kwa amri ya ofisi.

Wakala

Nafanya kazi ya bima, niruhusuni kidogo. Hofu ya Breen kwamba filamu itafundisha mbinu sikubaliani nayo, lakini siidharau. Mbinu iko pale wazi: mteja anasainishwa karatasi akidhani ni za bima ya gari, kumbe amesaini bima ya ajali. Hilo ni tishio la kweli kwa kila asiyesoma anachosaini.

Lakini filamu inafundisha upande wa pili kwa nguvu zaidi. Bosi wa kampuni anataka kukwepa malipo kwa kudai marehemu alijiua. Keyes anamshukia na majedwali ya takwimu za watu wanaojiua, kwa rangi, kwa jinsia, kwa aina ya sumu, na kumwonyesha kwamba hakuna anayejiua kwa kuruka kutoka treni inayokwenda polepole vile. Kisha baadaye linamkaa jambo dogo: marehemu alivunjika mguu na hakudai fidia. Mtu mwenye bima ya ajali anavunjika mguu na hadai? Basi hakujua kwamba ana bima. Nimewaonyesha vijana wa ofisini sehemu hiyo zaidi ya mara moja. Madai yasiyoletwa nayo ni ushahidi.

Kwa hiyo mimi niko kati. Watoto walindwe kwa umri, watu wazima waachiwe. Marekani wenyewe walifika hapo mwaka 1968 walipoacha kanuni zile na kuweka madaraja ya umri.

Bahari ya Mrima

Dada, kuhusu kifungu cha rangi sina la kutetea, na kuhusu Rafiki pia. Sitetei ofisi. Ninachotetea ni kizuizi chenyewe. Mwaka 1981 Hollywood ilirudi kwenye hadithi ya aina hii katika Body Heat, mwanamke, hawara, mume mwenye mali, safari hii bila kufichwa chochote. Ni filamu nzuri. Lakini nikiikumbuka naikumbuka miili na jasho. Double Indemnity naikumbuka nyuso.

Mtoa mada

Na mimi nakupa Chinatown ya mwaka 1974, miaka sita baada ya kanuni kuachwa. Los Angeles ile ile, wizi wa maji, na mwishoni tajiri mwovu kuliko wote anaondoka salama na kile alichokitaka. Breen asingeipitisha hata kwa siku moja. Ungemlazimisha yule mzee aende jela, filamu nzima ingeanguka, kwa sababu jambo inalolisema ni kwamba watu wa namna yake hawaendi jela. Huo ni ukweli ambao wenzetu wengi humu wanaujua bila kuonyeshwa sinema.

Basi naomba wanaoendelea kutetea kizuizi walete mfano mmoja wa namna hii: sehemu iliyobadilishwa kwa amri ya ofisi ya udhibiti, popote duniani, na mwongozaji mwenyewe akakiri kwamba ofisi iliona mbali kuliko yeye. Nitausoma kwa moyo mweupe. Dada wa Nakuru, nawe ukipata nafasi fungua mada ya Phyllis peke yake, maana hilo hatujaligusa inavyostahili.