Wauza injini za Fuso Dar, kwa nini mnaogopa mteja akifungua hedi?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nina mradi wa kufufua Fuso la zamani liwe boza la maji. Chesisi nzima, gia boksi nzima, difu safi, iliyokufa ni injini. Tenki ni la lita 10,000, maana yake tani kumi za maji, na wateja wako Goba na Madale, huko kwenye milima. Kwa mzigo huo nilitaka injini ya modeli ya 6D16 tu, ya Mitsubishi Fuso. Nilimwambia hivyo muuzaji wa yadi moja maeneo ya Ilala kabla hatujaongea bei, akaapa kwamba yake ni 6D16 ya Japani na haijawahi kuguswa. Ilikuwa imepakwa rangi ya silva kuanzia sampu mpaka kava ya valvu. Pale penye namba kwenye bloku pamesuguliwa kwa grinda, alama zinaonekana chini ya rangi. Kuuliza, naambiwa "hiyo kutu tu, boss, tuliisafisha".

Tukakubaliana mbele ya fundi wangu na dalali: natoa advansi ya laki nane, tunafungua hedi, yaani kile kipande cha juu kinachofunika silinda, palepale yadini. Ikiwa ni 6D16 namalizia hela, ikiwa kitu kingine narudishiwa yangu. Tukafungua. Fundi akafuta masizi kwenye mdomo wa silinda ya kwanza, akaingiza venia, kile kipimo cha chuma cha kupimia upana. Milimita 110. Ya pili, 110. Zote sita vilevile. Hiyo ni 6D14!

Kwa ambao hawajakutana na hizi mashine: 6D14, 6D15 na 6D16 ni familia moja. Pistoni inatembea milimita 115 kwenye zote tatu, ndiyo maana kwa nje mtu anaweza kukuchanganya. Tofauti iko kwenye upana wa silinda: 110, 113 na 118. Kwa hiyo 6D14 ina cc 6,557, 6D15 ina 6,919 na 6D16 ina 7,545. Niliuziwa maneno ya 6D16 kwa injini iliyopungukiwa karibu lita nzima. Ukiingia mkenge huo unaenda dukani kununua pistoni, ringi na gasketi ya 6D16, unarudi nazo hakuna inayokaa. Halafu unaipandisha Goba na tani kumi za maji, dereva kakanyaga mafuta mpaka mwisho muda wote, inachemka, na fundi ndiye anayelaumiwa.

Jibu la muuzaji? "Zote ni Fuso, zinafunga tu, shida yako nini?" Na advansi hataki kurudisha, eti nimeshamfungulia injini, nani atainunua tena. Dalali tulipogeuka alishaondoka.

Mimi nasema hivi: mfanyabiashara mwenye injini nzima haogopi hedi kufunguliwa. Gharama ya gasketi mpya nilikuwa tayari kuibeba mimi, na nilimwambia. Anayekataa, au anayegoma kurudisha hela baada ya kufunguliwa, anajua kilichomo ndani.

Na michezo yao haiishii kwenye namba. Wanaiwasha kabla hujafika ili ukute imepata moto, kwa sababu injini ya dizeli iliyochoka inajianika ikiwashwa ya baridi. Weka mkono kwenye bloku kabla ufunguo haujaguswa. Ukikuta pana joto, mwambie utarudi kesho asubuhi, tena bila taarifa. Wanajaza oili nzito ya gia boksi ili geji ya presha ikae juu na beringi zilizolika zisipige kelele. Chomoa dipstiki, ionje kwa vidole. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma: kuhema kidogo ni kawaida ya injini kubwa ya zamani, lakini ikitoa moshi kwa nguvu kama sufuria inayochemka, ringi au silinda zimekwisha. Moshi wa bluu ukiendelea hata ikishapata moto, inakula oili.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi zinavyohifadhiwa. Pale yadini kuna injini zimekaa wazi, manifoldi haina hata kipande cha nailoni juu yake, na Masika yote mvua inazinyeshea. Maji yanaingia kwa valvu iliyo wazi, silinda inashika kutu, pistoni inaganda. Kisha inamwagiwa dizeli, inazungushwa kwa spana kwenye puli ya mbele mpaka iachie, inapakwa silva. Mashine ambayo ingefanya kazi miaka mingine mingi imeuawa na uvivu wa kuifunika.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iko wazi: bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo yake. Ndiyo maana risiti wanakuandikia "injini used" basi, bila modeli wala namba. Usikubali. Risiti ya EFD iandikwe 6D16 na namba iliyogongwa kwenye bloku, maana namba hiyohiyo ndiyo itakayoingia kwenye kadi ya gari TRA. Injini iliyosuguliwa namba inaweza kuwa ya wizi, na siku ya ukaguzi wewe ndiye utakayeulizwa imetoka wapi.

Laki nane yangu siiachi. Nina fundi wangu kama shahidi, nina picha za venia ndani ya silinda, na kwenye meseji muuzaji kaandika mwenyewe "6D16". Napeleka malalamiko Tume ya Ushindani, na ikibidi mahakama ya mwanzo. Aliyewahi kurudishiwa hela na yadi za injini kwa njia hizo aeleze hapa alianzia wapi na alidaiwa vielelezo gani. Na kama kuna mtu Dar ana 6D16 yenye namba inayosomeka, na anaruhusu hedi ifunguliwe, aniandikie. Nakuja na fundi na venia, hela iko tayari.