Ushauri: Helvellyn Januari hii, njia imeganda barafu

Mgeni_wa_Vilima: Wakuu, heshima kwenu. Jumamosi tuko watatu, tunataka kupanda Helvellyn (mita 950) kule Lake District, Uingereza, twende na kurudi siku hiyohiyo kupitia Striding Edge, ule mgongo mwembamba wa mwamba. Tuna buti laini za kiangazi na vile vyuma vya mpira, vyenye meno mafupi, vya kuvisha juu ya kiatu. Vinatosha?

Nyayo: Striding Edge iacheni, tafadhali. Ukimaliza ule mgongo mwembamba bado una mteremko mkali kabla ya kilele, na Swirral Edge ya kushukia ni hatari vilevile. Anzieni Swirls, maegesho ya magari upande wa ziwa Thirlmere: kama kilomita 4 kwenda, mwinuko mita 750 hivi.

Mama_Ramani: Naunga mkono. Ila hata njia hiyo maji hutiririka juu ya mawe na kuganda, kwa hiyo vyuma vya mpira vitasaidia huko chini tu. Penye mwinamo mpira huvutika, kiatu kikacheza ndani yake. Kramponi (vyuma vyenye meno marefu vya kufunga chini ya buti) nazo hazikai kwenye buti laini: soli ikijikunja, zinachomoka. Kodini buti ngumu na kramponi zinazooana nazo, mzifunge mkiwa bado mahali tambarare. Theluji mbichi ikishikamana chini ya meno, igongeni itoke kwa mpini wa shoka la barafu.

Mgeni_wa_Vilima: Shoka nalo ni lazima?

Nyayo: Ndiyo, na mjifunze kulitumia kwanza. Ukiteleza, geuka kifudifudi, kichwa cha shoka kiwe karibu na bega, kandamiza ncha ya kichwa hicho kwenye theluji kwa uzito wa kifua. Kama umevaa kramponi, inua miguu. Meno yakinasa yatakupindua.

Mama_Ramani: Juu kabisa, kaeni mbali na ukingo wa mashariki, unaotazama ziwa dogo la Red Tarn. Upepo hujenga pale theluji inayoning'inia hewani, na ukiwa juu yake huoni kwamba chini hamna mwamba. Someni Weatherline, utabiri wa hali ya hewa wa milima ya Lake District, asubuhi: msimu wa baridi mkaguzi wao hupanda Helvellyn kila siku na kuandika hali ya theluji. Katikati ya Januari jua huzama saa kumi na robo hivi. Ondokeni saa mbili na nusu asubuhi. Ikifika saa saba mchana hamjafika kileleni, geuzeni. Kila mtu na taa yake ya kichwani. Simu ziwekeni mfuko wa ndani, baridi hula betri. Mkipatwa na shida pigeni 999, ombeni polisi, kisha uokoaji wa milimani. Mtandao ukikosekana, filimbi: mipulizo sita, pumzika dakika moja, rudia.