Mkono wa kulia, jicho la kushoto: uhamishe bega, uzibe jicho au ubadili kilengeo?

Shabaha_Tegeta
Wakuu, habari za leo. Naomba tulinganishe njia za kumsaidia mtu anayeweka bunduki bega la kulia wakati jicho linalotawala, yaani lile ambalo ubongo hulifuata zaidi katika kulenga, ni la kushoto. Zinazotajwa sana ni nne: kuhamia bega la kushoto, kufumba jicho la kushoto, kulizibia kwa kipande cheupe kwenye miwani, au kufunga darubini au kilengeo (kifaa cha kulengea) cha nukta nyekundu, yaani kioo kinachoonyesha nukta ya mwanga.

Kipimo kwanza, maana wengi huharibu hapa. Nyoosha mikono yote miwili mbele, pishanisha viganja uache kitundu kidogo kati ya vidole gumba na vidole vya shahada. Macho yote yakiwa wazi, weka ndani ya kitundu kitu kilicho mita 5 au zaidi, mfano swichi ya ukutani. Sasa fumba jicho la kushoto. Swichi ikibaki, la kulia ndilo linalotawala. Ikitoweka, ni la kushoto. Rudia mara tano, ukishusha mikono kila mara. Usitumie kidole cha mkono mmoja, kwa sababu mkono wenyewe unaweza kuvuta jibu upande wake.

Kosa lenyewe si dogo. Macho ya mtu mzima yameachana takribani milimita 65. Chukua bunduki ya marisau (chembe nyingi ndogo za risasi), ambayo kwa kawaida haina kilengeo cha nyuma, na shanga ya mbele, kidutu cha kulengea kwenye ncha ya mtutu, iko sentimita 80 kutoka jichoni. Jicho la kushoto likiitwaa ile shanga, kwenye shabaha ya mita 10 risasi inapita karibu sentimita 75 kushoto. Mita 25, ni karibu mita 2. Kwenye raifo yenye kilengeo cha nyuma cha tundu dogo la kuchungulia huwezi kukosea kiasi hicho, ila picha ya kulenga inakuja na kupotea, na mtu anaanza kuinamisha kichwa kuitafuta.

Kitako_Kigamboni
Mkuu, kwa anayeanza mimi sina mjadala: ahamie kushoto. Mwili ambao haujazoea mkao wowote hauna cha kusahau. Jicho linakuwa nyuma ya kilengeo, shavu linakaa mahali pake, na hakuna kipande cha kubandika wala kubandua.

Gharama yake iko kwenye chuma. Bunduki nyingi zina mkono wa bolti (komeo la kukokia) upande wa kulia, kwa hiyo wa kushoto inabidi aupitishe mkono juu ya kitako kila anapokoki. Zinazojikoki zenyewe nyingi hutupa ganda kulia, yaani mbele ya uso wake, na gesi kidogo hufuata. Miwani ya kinga hapo ni lazima. Kitako chenye uvimbe wa shavu upande mmoja hakitamfaa, atafute kilicho sawa pande zote.

Mazoezi: dakika 15 kwa siku za kuweka begani na kufyatua bila risasi, aanze amelala na mtutu umeegemezwa, kusimama kuje mwisho. Zingatieni: bunduki ya upepo ya springi haifyatuliwi tupu, maana pistoni inagonga mwisho wa silinda bila hewa ya kuipunguza kasi. Na nyingi za .22 (za risasi ndogo) pini hugonga ukingo wa chemba, hivyo weka risasi ya mazoezi isiyo na baruti. Halafu asichanganye mabega, leo kulia kesho kushoto. Kuchanganya ndiko kunakowarudisha watu nyuma.

MwalimuWaRange
Nakubali kwa mwanafunzi mpya. Kwa aliyelenga kulia miaka kumi, kidole chake cha kufyatulia kimeshajifunza uzito wa kifyatulio, na huyo nampa kipande cheupe kabla ya kumgusa bega.

Kipande kikae hivi. Kagua bunduki, chemba iwe wazi na tupu, na mtu mwingine aithibitishe. Vaa miwani, weka begani, lenga ukutani pasipo na mtu. Msaidizi asimame ubavuni, asipite mbele ya mtutu hata kama chemba imekaguliwa mara mbili. Abandike kwenye lenzi ya kushoto selotepu isiyong'aa, ile ya maziwa inayopatikana maduka ya vifaa vya ofisi, upana milimita 15 hivi. Watu hukosea kuibandika katikati ya lenzi. Ukiwa umeinamisha kichwa kwenye kitako, jicho huangalia kona ya juu ya lenzi, upande wa pua. Hapo ndipo mahali pake. Ukilala inapanda juu zaidi kuliko ukisimama, kwa hiyo alama ya mkao mmoja haifai kwa mwingine.

Ukiona shabaha mbili au vilengeo viwili, sogeza milimita mbili mbili mpaka cha pili kififie. Kisha punguza kipande mpaka kifikie udogo unaotosha tu, karibu milimita 10, ili uendelee kuona pembeni unapotembea.

Wanaoshindana: kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, zinaruhusu kizibo cha mbele kwenye miwani kisichozidi upana wa milimita 30. Kikifungwa kwenye bunduki au kilengeo cha nyuma, kimo kisizidi milimita 30, na kisitokeze zaidi ya milimita 100 kutoka katikati ya tundu.

Mbagala_10m
Kwa nini usifumbe tu? Ni bure.

MwalimuWaRange
Mkuu Mbagala, kwa risasi tano utafumba na hutaona tatizo. Mechi ya raifo ya upepo ya mita 10 ni risasi 60 ndani ya dakika 75 kwenye shabaha za kielektroniki, na duara la kumi lina kipenyo cha milimita 0.5. Misuli ya kope ikikazwa muda wote huo, shavu nalo linakazwa, na shavu ndilo linalokaa kwenye kitako.

La pili ni giza. Mboni za macho mawili hupanuka na kusinyaa pamoja. Ukilitia moja gizani, la upande wa pili nalo linafunguka, na kwa vilengeo vya wazi ukali wa picha unapungua. Kwenye tundu dogo la milimita 1 na ushee hilo halina uzito sana, kwa sababu tundu lenyewe limeshabana mwanga. Lakini hata hapo ubongo unagombanisha picha ya giza na picha ya mwanga, na kilengeo kinafifia kwa vipindi. Ndiyo maana kizibo kiwe cheupe kinachopitisha mwanga, si tepu nyeusi ya umeme.

Darubini_Ukonga
Kwenye darubini tatizo hupungua, maana alama ya kulengea na shabaha viko kwenye picha moja. Jicho likae umbali uliopangwa, mara nyingi sentimita 8 hadi 10. Ukiona kivuli cha mwezi mchanga pembeni, kichwa hakijakaa.

Nukta nyekundu inaruhusu macho yote wazi hata kama la kushoto linatawala: la kulia linaona nukta, la kushoto linaona shabaha, ubongo unaziweka pamoja. Hatari ni kwamba macho ya baadhi ya watu hayakai sambamba kabisa, na nukta inahama. Jipime: piga risasi tano mita 10 kawaida, kisha tano ukiwa umefunika kioo cha mbele cha kilengeo, macho yote wazi. Makundi mawili yakiachana, usitegemee jicho la kushoto. Bandika kipande kama Mwalimu alivyoeleza.

Miwani_Upanga
Naongeza upande wa macho. Jicho linalotawala si lazima liwe lenye kuona vizuri zaidi, ila jicho dhaifu likipewa lenzi sahihi, kipimo kinaweza kugeuka. Kwa hiyo pima macho kabla ya kununua kitako cha kushoto. Hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar es Salaam, wana huduma ya macho. Ukiona picha mbili ghafla, au jibu la kipimo limebadilika bila sababu, hilo si suala la bunduki, nenda hospitali haraka.

Aliyevuka miaka 40 hivi na kilengeo cha mbele kimeanza kufifia, amwambie mpimaji umbali kutoka jichoni hadi kilengeo hicho. Lenzi ya kusomea gazeti ni kali mno kwa kazi hiyo.

Mbagala_10m
Nimeelewa, asanteni sana. Kwa joto letu selotepu inaachia baada ya nusu saa. Dawa?

Kitako_Kigamboni
Osha lenzi kwa sabuni ya maji, ikauke kabisa, ubandike kabla hujaanza kutoka jasho. Kona za kipande zikate ziwe mviringo, kona kali ndizo zinazoanza kunyanyuka. Likiendelea kuachia, nunua miwani ya kinga ya pili, ikwaruze sehemu hiyo kwa msasa laini wa maji mpaka iwe na ukungu. Weka alama kwa kalamu kwanza, ukiwa kwenye mkao wako, maana mkwaruzo hausogezwi.

Jambo jingine kwa wote: bunduki na leseni viende kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kupiga kuwe kwenye range (uwanja wa kulenga shabaha) iliyoruhusiwa, si uani.