Mara ya kwanza Italia pamoja na mama: tuzingatie desturi zipi?

Swali (kutoka Tanga)

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mwezi wa Mei, panapo majaliwa, nitakwenda na mama yangu Napoli kumtembelea kaka yangu, na tutapitia Roma kwa siku chache. Mama ni mtu mzima, hujitanda mtandio, hali nguruwe wala kitu chenye pombe, na amezoea chakula cha usiku mara tu baada ya swala ya Magharibi. Ni desturi gani za wenyeji zitakazotutatiza, naye atapokewaje na mavazi yake?

Jibu la kwanza (mkazi wa Roma)

Waalaykumu salaam. Kuhusu chakula cha usiku, mama hatahangaika, kwa sababu mwezi wa Mei jua la Roma huchwa baada ya saa 2 usiku, na huo ndio wakati Waitaliano wanapokaa mezani. Ugumu uko mchana: migahawa mingi hufunga jiko kuanzia kama saa 9 alasiri hadi saa 1 jioni au zaidi, na maduka madogo nayo hufungwa kwa mapumziko, hasa kusini. Njaa ikiwashika saa hizo, tafuteni pizza inayouzwa kwa vipande. Mlangoni palipoandikwa «bar» mama asisite kuingia, kwani kwa sehemu kubwa ya siku wateja hufuata kahawa na vitafunio. Kunywa mkisimama kaunta kwa kawaida ni nafuu kuliko kukaa mezani.

Jibu la pili

Dada, mtandio hauna shida. Sheria ya mwaka 1975 inayotajwa mara kwa mara inahusu kufunika uso hadharani bila sababu ya msingi, si kufunika nywele. Hata katika kanisa la Mtakatifu Petro wageni hutakiwa kusitiri mabega na magoti, kwa hiyo mama atakuwa amevaa ipasavyo kuliko watalii wengi. Ninalolisisitiza zaidi ni salamu: mkiingia dukani, semeni «buongiorno», au «buonasera» jioni, kabla ya kuuliza bei, kwa kuwa anayeanza na shida yake bila salamu huonekana hana adabu. «Ciao» ni ya watu mnaofahamiana; msimwamkie hivyo mzee msiyemjua. Tiketi ya karatasi ya basi lazima igongwe muhuri kwenye mashine mara mnapopanda, la sivyo mkaguzi atawatoza faini ingawa mmeilipia.

Jibu la tatu (niliyewahi kuishi Napoli)

Mimi ningekuwa mwangalifu zaidi na chakula. Tambi za carbonara na amatriciana za Roma hupikwa kwa shavu la nguruwe, na mchuzi wa ragù wa Napoli mara nyingi huchanganywa nyama yake. Hata baadhi ya mikate na taralli (vitafunio vikavu vyenye umbo la pete) hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, ambayo wao huyaita «sugna», basi ulizeni kabla ya kununua. Keki ya babà huloweshwa ramu. Pizza marinara, yaani nyanya, vitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, ni chaguo zuri, na samaki wapo tele.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Kaka anasema jirani yake, bibi wa Kitaliano, ametualika chakula cha mchana Jumapili. Twende na nini?

Jibu la tatu

Nunueni sinia la vitafunio vitamu kwa mwokaji wa mtaani; ndivyo Wanapoli wafanyavyo wanapotembeleana Jumapili. Mkipeleka maua, yasiwe krisanthemamu, kwani hayo hupelekwa makaburini. Kaka amjulishe bibi huyo mapema kuhusu nguruwe na pombe, ili asiaibike mezani mama anapokataa sahani. Mwambie mama pia asishibe kwa tambi, maana baada ya hizo bado kuna nyama au samaki, na mwenyeji atasikitika sahani ya pili ikirudi jikoni haijaguswa.