Eti mwalimu wa michezo kazi yake ni kupuliza filimbi tu?!

Chaki_na_Vumbi:
Wakuu, nina hasira hadi herufi naziona mbili mbili. Yule bwana mnamjua, anayeingia shuleni na wapiga picha watano na mpira mmoja. Leo amesimama mbele ya walimu na wanafunzi akatamka: "Mwalimu wa michezo kazi yake ni kupuliza filimbi tu." Filimbi! Mbele ya watoto!

Sanaa na Michezo ni somo kamili kwenye mtaala wa 2023, darasa la tatu hadi la sita. Kipindi dakika 40. Toa 5 za kufika uwanjani na kuokota vioo, 10 za kupasha misuli, 5 za kupoa na kunawa. Zinabaki 20. Una watoto 100 na mpira mmoja: ukiwapanga foleni, kila mtoto anaugusa sekunde 12 basi. Ndiyo maana tunagawa vituo vitano vya watoto 20: kamba, vijiti, kudaka na kurusha, kukimbia zigizaga, mpira. Dakika 4 kila kituo, wanahama. Hiyo ndiyo filimbi tu?

Na mpira wenyewe aliouleta ni saizi 5, wa watu wazima! Watoto wa miaka 9 wanatumia saizi 4. Pampu hakuna, sindano hakuna. Upepo ukipungua watachomeka mrija wa kalamu, valvu inachanika, mpira kwisha habari yake. Hata sindano yenyewe lazima uiloweshe kwanza.

Halafu aniambie filimbi.

Mzee_wa_Tandika:
Mwalimu, kunywa dafu kwanza. Ila na nyie mnapuliza kweli, mimi naishi nyuma ya shule, asubuhi sihitaji saa ya kuniamsha.

Dada_Kipimajoto:
Mzee usimcheke, mwenzio kadhalilishwa. Bango lile lenye picha ya huyo bwana lilikuwa refu kuliko treni! Hela yake ingetosha kila kitu. Bomba moja la plastiki la milimita 40, urefu mita 6, ukikata sentimita 29 kila kipande unapata vijiti 20 vya kupokezana. Piga msasa kwenye ncha, la sivyo vinakata viganja.

GA_wa_Zamani:
Nyie mnalilia filimbi. Njooni mwone nguzo zetu za netiboli. Pete inatakiwa mita 3.05 kutoka ardhini. Fundi mageti kakata bomba la mita 3.05 hizo hizo, kachimbia nusu mita, pete imebaki mita 2.55. Mtoto anazoea kufunga hapo mwaka mzima, akifika UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, kila mpira unapita chini ya pete. Waliopokea kazi walipima bomba likiwa limelala chini!

Kijana_Mbagala:
Afadhali nyie mna pa kuchimbia nguzo. Kwetu madarasa yameota mpaka katikati ya uwanja. Tunahitaji madarasa, sawa, lakini wangeacha hata mita 30.5 kwa 15.25, netiboli ingechezeka. Sasa hivi mtoto akipiga mpira unaingia dirishani kwa mwalimu mkuu.

Chaki_na_Vumbi:
Wakuu tusihame kwenye mada. FILIMBI. Mbele ya darasa la tatu. Kuna mtoto kacheka!

Mzee_wa_Tandika:
Huyo mtoto mpe unahodha.

Mama_Gongo_la_Mboto:
Filimbi siyo tatizo. Mtoto akibaki mazoezini hadi saa 11 jioni, anarudije? Konda akiona sare tu anabana mlango, kisa nauli ya mwanafunzi 200. Wangu anafika saa 2 usiku na jezi yake begani. Wanaopanga ratiba za michezo wapange na usafiri, mazoezi yaishe saa 9 na nusu kabla watu wazima hawajajaa vituoni.

Kijana_Mbagala:
Mama umenena. Huku wanapakia wanafunzi wawili tu kwa gari, wengine wanasukumwa.

Dada_Kipimajoto:
Wa Mbagala wana nafuu. Wa njia ya Mbezi gari haisimami kabisa, dereva anapunguza mwendo tu, mtoto adandie na begi mgongoni.

GA_wa_Zamani:
Mbezi ipi hiyo? Ya Beach au ya Kimara? Maana wa Kimara ndio kiboko.